Namna ya Kuitembelea na Kuielewa Rasi ya Tumaini Jema

Mtu yeyote aliyesoma historia ya Afrika Mashariki shuleni amekutana na Rasi ya Tumaini Jema katika somo lilelile linaloeleza kufika kwa Wareno Mombasa na Malindi mwaka 1498, lakini wengi wetu tumebaki na jina na tarehe tu. Ukijaliwa kufika Cape Town, iwe kwa masomo, kwa kazi au kwa matembezi, tenga siku nzima kwa ajili ya rasi hiyo, na uitazame kwa utaratibu unaoanza na mawe, upepo na bahari kabla ya kufikia majina ya mabaharia. Nausisitiza utaratibu huu kwa sababu karibu kila tukio kubwa la pale liliamuliwa na umbo la nchi na hali ya hewa, na mgeni anayeanza na nanga na bendera huondoka bila kujua kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda.

Siku ya safari ichaguliwe kwa kuangalia utabiri wa upepo. Kuanzia Oktoba hadi Machi, ambayo huko ni miezi ya joto, upepo mkali wa kusini-mashariki unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Kati ya Juni na Agosti huja upepo wa kaskazini-magharibi pamoja na mvua na baridi. Hata mjini kukiwa na jua kali, chukua koti lisilopitisha upepo na viatu vyenye soli isiyoteleza. Chakula kiwe ndani ya mkoba uliofungwa, na milango na madirisha ya gari yafungwe kila unaposhuka, kwa maana nyani wa huko wamezoea watu na hunyakua chochote wanachokiona. Eneo lote limehifadhiwa tangu mwaka 1939 na sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Table Mountain, kwa hiyo kuna kiingilio cha kulipa langoni.

Kutoka katikati ya mji hadi ncha ya rasi ni mwendo wa kilomita zipatazo 60. Pita barabara ya mashariki, ile ya Simon's Town, na usimame Boulders, mahali ambapo wageni wengi huenda kuwaona pengwini. Nawe watazame, lakini usiondoke kabla ya kuyakagua mawe yaliyowazunguka. Yale majabali ya mviringo ni graniti iliyotokana na uji wa moto uliopoa chini ya ardhi miaka ipatayo milioni 540 iliyopita. Baada ya ardhi ya juu kumomonyolewa na graniti hiyo kujitokeza, mito na bahari ya kina kifupi viliimwagia mchanga, tabaka juu ya tabaka, mpaka mchanga ule ukagandamana kuwa jiwe. Ukifika Cape Point, ncha yenye magenge, utaona kwamba magenge yake, yanayopanda zaidi ya mita 200 kutoka baharini, ni ya jiwe hilo la mchanga, na mistari ya tabaka inaonekana wazi ubavuni. Mawimbi hupenya kwenye nyufa, hula sehemu dhaifu, huchimba mapango, na hatimaye vipande vya juu huporomoka. Ndiyo maana ukingo wake ni wima na wenye meno, tofauti kabisa na fukwe zetu ambazo mawimbi ya bahari kuu huvunjikia kwanza kwenye miamba ya matumbawe.

Jiwe hilo hutoa udongo wa kichanga usio na rutuba, na juu yake huota vichaka vifupi vinavyoitwa fynbos. Usivipite upesi. Ndani ya eneo hili la rasi peke yake kuna zaidi ya aina 1,000 za mimea ya asili, na nyingi zimejengeka kuhimili upepo, ukame wa miezi ya joto na moto. Baadhi hazitoi mbegu zake mpaka vichaka viungue. Shuka garini, piga magoti, tazama majani yalivyo madogo na magumu. Mbuni, pofu na punda milia wa milimani utawaona ukibahatika.

Ukifika kwenye maegesho ya Cape Point, panda hadi mnara wa taa wa zamani. Kuna gari la reli linalopandisha wageni, ila ngazi ni bora kwa mwenye magoti mazima, maana kila kona hufungua upande mwingine wa bahari. Upande wa mashariki ni ghuba ya False Bay, upande wa magharibi ni Atlantiki yenyewe, inayopitiwa na mkondo baridi wa Benguela. Utasikia watu wakisema kwamba hapo ndipo bahari mbili zinapokutana na kwamba ndiyo ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Si kweli. Ncha ya kusini ya bara, na ndiyo mpaka rasmi wa Atlantiki na Bahari ya Hindi, ni Rasi ya Agulhas, umbali wa kilomita zipatazo 150 kuelekea kusini-mashariki.

Hapo juu ndipo mahali pa kuisimulia historia, nawe uanze na Wakhoikhoi, waliochunga mifugo na kukusanya chaza na kome ufukweni karne nyingi kabla ya tanga la kwanza la Ulaya. Kisha elekeza macho kusini-magharibi. Mwanzoni mwa mwaka 1488 baharia Mreno Bartolomeu Dias alipita mbali huko, akiwa amesukumwa na upepo hata asiione nchi kavu, na alipoikuta pwani tena alikuwa tayari upande wa mashariki. Rasi yenyewe aliiona wakati wa kurudi. Vasco da Gama naye aliiona tarehe 18 Novemba 1497, lakini upepo wa kusini ulimzuia, akaweza kuizunguka tarehe 22 tu. Hebu simama ukiwa umeuelekea upepo huo, na utaelewa siku zile nne kuliko kitabu kinavyoweza kueleza.

Kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, sura inayofuata ni muhimu zaidi. Da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani aliyeijua njia ya Bara Hindi, na kusi likiwa linaanza akavuka hadi Calicut akatia nanga mwezi Mei. Yaani baada ya kupigana na pepo za rasi bila mwongozo, aliingia katika bahari ambayo wenyeji wake walikuwa wameipangia kalenda, wakija pwani yetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi tangu zamani.

Sasa ugeukie mnara ulioko mgongoni mwako. Taa yake iliwashwa mwaka 1860, mita 238 juu ya bahari, na urefu huo ulioonekana kuwa faida ukawa balaa. Ukungu mara nyingi ulitanda chini ya taa ukaificha kwa meli, na anga ilipokuwa safi ilionekana kutoka mbali mno, manahodha wakapotoshwa na kuikaribia rasi kupita kiasi. Aprili 1911 meli ya abiria ya Ureno, Lusitania, iligonga mwamba wa Bellows, ng'ambo kidogo ya ncha. Ndipo ukajengwa mnara mpya uliokamilika mwaka 1919, mita 87 tu juu ya bahari. Fuata njia ya miguu inayoteremka kuelekea ncha hadi mahali unapouona; ulinganishe urefu wa ile miwili kwa macho yako.

Ukishuka, nenda hadi kwenye kibao cha Rasi ya Tumaini Jema, ama kwa gari, ama kwa njia ya miguu inayopita juu ya ufuo wa Dias. Ukichagua miguu, usikaribie ukingo wakati wa upepo, na chini usisimame kwenye mawe yaliyolowa, kwa sababu wimbi kubwa huja bila dalili. Katika safari ya kurudi tafuta misalaba miwili ya mawe, wa Dias na wa Da Gama. Si kumbukumbu pekee: chombo kinachoiona ikiwa imelingana katika mstari mmoja hujua upande ulipo mwamba wa Whittle, uliojificha majini katika False Bay. Kama jua bado liko juu, pinda kuelekea Olifantsbos, ambako njia ya ufukweni inakufikisha kwenye vyuma vya Thomas T. Tucker, meli ya mizigo ya Marekani iliyopanda mwamba Novemba 1942 ikiwa katika safari yake ya kwanza; uliza langoni mapema saa ya kufunga, kwani hubadilika kwa majira.