Ukitaka kulipwa kama mshambuliaji wa hoki ya barafu

Wasichana ninaowafundisha huanza na swali la mabao: apige vipi, fimbo iwe na mkunjo gani, alenge kona ipi. Nawajibu, kisha nawarudisha kwenye hesabu. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20. Mshambuliaji huingia kwa zamu za sekunde 40 hivi, anatoka akihema, mwenzake anaruka ukuta unaozunguka uwanja kuingia. Ndani ya zamu hiyo atakuwa na kisahani, kile kidude bapa cha mpira mgumu tunachochezea, sekunde chache tu, au asikiguse kabisa. Kocha anayetafuta mtu wa kumpa mkataba anautazama ule muda mwingine wote. Kwa hiyo huo ndio nitakaouzungumzia.

Hesabu ya pili ni ya nafasi. Safu za ushambuliaji ni nne, kila moja ina watu watatu. Ukifika kwenye PWHL, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani na Kanada, safu mbili za kwanza utakuta zina wenyewe. Kina Marie-Philip Poulin, Hilary Knight, Sarah Fillier. Ulikuwa mfungaji bora kila ulikopita, sawa, na wenzako wote kwenye chumba cha kubadilishia nguo walikuwa wafungaji bora pia. Mkataba wako wa kwanza huenda ukawa wa safu ya tatu au ya nne, na huko wanatafuta mtu wa kukimbiza, kubana na kuzuia. Mimi nilicheza winga wa safu ya tatu miaka yote, na sijawahi kuona aibu.

Miguu kwanza

Karibu kila mtu ana upande mmoja anaougeukia vizuri. Beki mwerevu akiujua, atakufungia upande huo mechi nzima. Fanyia kazi ule mbovu: funga breki kwa mguu usioupenda, geuka ukielekea upande usioupenda, teleza kinyumenyume mpaka uache kutazama chini. Mbio za moja kwa moja zinapendeza macho, lakini hatua tatu za kwanza baada ya kusimama ndizo zinazokufikisha kwenye kisahani kabla ya mwenzako. Ukiwa na nusu saa ya barafu peke yako, itumie kusimama na kuanza, kusimama na kuanza.

Ukutani

Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoona mawinga wengi wazuri wakipoteza namba.

Timu yako iko eneo lake. Beki wako anakichukua kisahani nyuma ya goli na kukizungusha kando ya ukuta kije kwako. Beki wa wapinzani amekuona, anashuka kwa kasi, na wewe umempa mgongo. Fanya hivi: geuza kichwa mara ya kwanza beki wako anapokifikia kisahani, na mara ya pili kikishaachana na fimbo yake. Mara ya kwanza unajua nani anakuja. Mara ya pili unajua yuko umbali gani, na kama senta wako yuko katikati tayari kupokea. Kama una nafasi, geuka umpe ukuta mgongo, uwanja wote uwe mbele yako. Kama huna, kaza magoti, zuia kisahani kwa kiatu ukikibana na ukuta, kishushe kwenye fimbo, mguse senta. Ikishindikana kabisa, kisukume tu kivuke mstari wa buluu, ule unaotenga eneo lenu na katikati ya uwanja. Hakuna atakayepiga makofi, ila kocha ameandika.

Zoezi langu ni rahisi. Nasimama nyuma ya winga, nainua vidole, na yeye lazima anitajie idadi kabla kisahani hakijamfikia. Wiki ya kwanza wanabahatisha. Baadaye wanataja idadi na kuongeza "na umesogea kulia," hapo najua wameanza kuona.

Usilichukulie jambo hili kijuujuu, kwa sababu PWHL inaruhusu kugongana kwa mwili pale mchezaji anapokuwa anawania kisahani, zaidi ya wanawake wengi walivyozoea katika ligi za utotoni. Asiyegeuza kichwa hugongwa.

Mbele ya goli na mkiwa pungufu

Mtazame Natalie Spooner wa Toronto katika msimu wa kwanza wa ligi, 2023–24: mabao 20 katika mechi 24, na tuzo ya mchezaji bora. Wengi wanatazama mikono. Tazama anaposimama. Yuko karibu na kipa, anamziba macho, mabeki wanamsukuma naye habanduki, fimbo iko chini barafuni ikingoja shuti lichepuke au lirudi. Kusimama hapo kunauma, na ndiyo maana nafasi huwa ipo.

Sehemu ya pili yenye ajira ni pale timu yako imepungua mtu kwa adhabu. PWHL ina sheria yake: mkifunga bao mkiwa pungufu, adhabu ndogo inakwisha palepale na mwenzenu anatoka kwenye kibanda cha adhabu. Mshambuliaji anayejua kuziba njia ya pasi kwa fimbo, kisha akachomoka wapinzani wakikipoteza kisahani, ana thamani mara mbili. Omba kazi hiyo mapema, ukiwa bado kijana. Wenzako wengi hawaitaki.

Chuo, drafti, mkataba

Njia iliyozoeleka inapitia vyuo vikuu vya Marekani. Knight alitoka Wisconsin, Poulin Boston University, Spooner Ohio State, Fillier Princeton. Chagua chuo ambacho kocha wake anakuambia wazi utacheza zamu za aina gani mwaka wa kwanza. Chuo chenye jina kubwa kitakachokukalisha benchi miaka miwili hakikusaidii. Ukituma video, usikate mabao tu ukaweka na muziki juu yake. Weka zamu nzima tatu au nne bila kukata, na mojawapo iwe ile uliyopoteza kisahani ukakifukuza mpaka nyuma.

Baada ya chuo ni drafti, timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu. Taylor Heise aliitwa wa kwanza kabisa mwaka 2023, na Minnesota, timu iliyomwita, ikabeba kombe la msimu uliofuata. Lakini usijidharau ukiitwa mwishoni.

Pesa, tuseme ukweli. Ligi ilipoanza Januari 2024, kima cha chini kilikuwa dola 35,000 za Marekani kwa mwaka, na kila timu ilitakiwa kuwa na angalau wachezaji sita wa dola 80,000 au zaidi, viwango vikipanda asilimia 3 kila mwaka. Wewe wa safu ya nne, panga maisha kwa kile cha chini, na maliza shahada yako. Ligi ya CWHL ya Kanada ilianza 2007, ikakaa miaka kumi bila kulipa mishahara, kisha ikafungwa 2019. Viwango vya leo vipo kwa sababu wachezaji walijiunga, wakaunda chama, wakadai. Kwa hiyo soma mkataba wote, hasa kipengele cha kuumia, na uliza chama kabla ya kusaini. Spooner mwenyewe, katika kilele chake, aliumia goti kwenye mchujo wa msimu uleule wa 2023–24.

Ukipewa nafasi ya akiba, yaani unafanya mazoezi na timu ila unaingia mtu akikosekana, muulize kocha jambo moja: ninakosa nini hadi sichezi? Akikutajia kitu mahususi, tuseme kasi ya kurudi nyuma au kazi ya ukutani, kaa ukifanyie kazi. Akikuambia "endelea hivyohivyo tu," tafuta timu Sweden, kwenye SDHL, ligi yao kuu ya wanawake, ukacheze mechi za kweli kila wiki.