Pasaka Ujerumani: nunua mapema, vaa viatu vya matope

Ukialikwa kula Pasaka na familia ya Kijerumani, maliza manunuzi mapema. Ijumaa Kuu, Jumapili na Jumatatu ya Pasaka maduka karibu yote hufungwa, na Jumamosi foleni ni balaa. Alhamisi Kuu wengi hula spinachi na mayai, Ijumaa samaki. Nyama ya kondoo husubiri Jumapili. Ukishashiba, usijinyooshe kwenye kochi: kuna matembezi, Osterspaziergang, hata mawingu yakiwa yametanda. Beba koti, maana majira ya kuchipua hayaaminiki. Jua saa nne, mvua ya mawe saa sita. Na mayai ya Pasaka, yale ambayo watoto huyatafuta, yahesabuni kabla ya kuyaficha bustanini. La chokoleti likisahaulika, mbwa atalipata, na chokoleti kwake ni sumu.