Chakula cha Shule Kimeongeza Mahudhurio? Tafuta Kwanza Shule Iliyochelewa Kukipata

Mtu akiniletea rejista za shule moja ya Mathare, za Juni 2023 na Juni 2024, akidai Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula cha shule, imejaza madarasa, humrudishia. Katikati hapo mafuriko yalihamisha familia za kando ya mto, na muhula wa pili wa 2024 ukachelewa kufunguliwa. Utajuaje ni chakula?

Tafuta shule za umma zinazofanana na zilizopata chakula mapema, ila chakula kilichelewa kuzifikia. Tuseme (namba ni za mfano) zenye chakula zimepanda kutoka watoto 80 kwa kila 100 hadi 88, na zilizochelewa kutoka 78 hadi 82. Usitangaze 8. Ondoa pointi 4 zilizopanda bila chakula. 4 zinazobaki ndizo za chakula, ikiwa tu makundi haya yalikuwa yakienda sambamba tangu awali. Chora grafu ya mihula minne mitano iliyotangulia. Mistari ikiwa ilishaanza kuachana, tafuta kundi lingine. Uliza pia nani aliamua jiko lianze wapi.

Kinachonikosesha usingizi ni watoto wanaohama. Chakula humtoa mtoto shule ya mabati ya kibinafsi hadi ya umma iliyo jirani. Rejista inajaa, utoro uko palepale. Kwa hivyo mfuate mtoto mwenyewe kwa namba yake ya NEMIS (mfumo wa serikali wa taarifa za wanafunzi), na ufute majina kabla faili haijatoka ofisini. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 si mapambo.

Athari huvuka ua pia. Kule Busia, magharibi mwa Kenya, shule 75 ziligawanywa makundi matatu yaliyopata dawa za minyoo kwa zamu kuanzia 1998. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walikuta hata wanafunzi wasiomeza dawa wamepungukiwa na minyoo, kwa kuwa maambukizi yalishuka. Ukiwatumia hao kama kundi la kulinganishia, faida itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Huko Busia mahudhurio yalipimwa kwa kufika bila taarifa na kuhesabu vichwa. Iga hilo. Rejista inayotumiwa kugawa sahani haikawii kuvimba, na simlaumu mwalimu.

Ukifika kwenye kiwango cha makosa, kumbuka chakula hupewa shule nzima. Watoto 9,000 wa shule 6 ni ushahidi wa shule 6, na hapo mimi sithubutu kuandika ripoti.