Ukuta kwanza, wavu baadaye: kuchagua modeli ya msukosuko

Tuchukue matatu ya viti 14, urefu mita 5, ikienda kilomita 80 kwa saa (mita 22.2 kwa sekunde) Thika Road. Tunatafuta ukinzani wa hewa kwa simulizi ya kompyuta: hewa inayolizunguka gari hukatwa seli ndogo (huo ndio wavu), na modeli ya msukosuko hukadiria vurugu ndogo za hewa ambazo seli haziwezi kuzionyesha.

Hatua ya 1. Weka hewa ya Nairobi. Huku juu densiti yake ni kama kilo 1 kwa mita ya ujazo, si 1.225 ya usawa wa bahari. Niliwahi kuiacha ile ya pwani, ukinzani ukazidi kwa karibu robo na kazi yote ikarudiwa. Mnato kinematiki (mnato uliogawanywa kwa densiti) uwe 1.8×10⁻⁵ mita za mraba kwa sekunde.

Hatua ya 2. Jiulize hewa itabanduka wapi, yaani itaacha wapi kuufuata mwili wa gari. Nyuma, penye kingo kali, itabanduka pale pale hata ukitumia modeli gani. Kwenye mviringo wa paa mbele ndiko kwenye kazi: k-epsiloni, modeli iliyozoeleka, huing'ang'aniza hewa ukutani (kwenye mwili wa gari) hata inapopaswa kuachia. Kwa hiyo mimi hutumia modeli ya k-omega SST ya Menter (1994), ambayo ni k-omega karibu na ukuta na hugeuka k-epsiloni mbali nao.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya unene wa seli ya kwanza, ile inayogusa ukuta. Usiruke hapa, tafadhali. Simulizi nyingi huharibikia hapa.

Re (namba ya Reynolds: kasi × urefu ÷ mnato) = 22.2 × 5 ÷ 1.8×10⁻⁵, karibu milioni 6.
Cf (mgawo wa msuguano wa ukutani) = 0.026 ÷ Re^(1/7) = 0.0028.
Kasi ya msuguano = 22.2 × √(Cf÷2) = mita 0.83 kwa sekunde.
Umbali wa kitovu cha seli kutoka ukutani = y+ × mnato ÷ 0.83. (y+ ni umbali huohuo bila kizio, uliolinganishwa na mnato na kasi ya msuguano.)

Kwa y+ ya 50, ukitumia fomula za ukutani (zinazokadiria hewa iliyogusana na ukuta badala ya kuikokotoa), kitovu kiko milimita 1.1, hivyo seli ina unene wa 2.2. Kwa y+ ya 1 ni milimita 0.022, unene 0.044. Tabaka la mpaka (hewa iliyopunguzwa kasi na ukuta) mwishoni mwa gari ni kama milimita 81. Ukikuza kila seli mara 1.2, utahitaji tabaka 12 za seli kwa njia ya kwanza, 33 kwa ya pili. Makadirio ya ukinzani, anza na y+ ya 50. Ukitaka kujua paa linaachia hewa wapi, lipia zile 33. Kati ya y+ 5 na 30 usikae: si eneo la mnato lililo jirani na ukuta, si la logi, ambako kasi hufuata logariti ya umbali.

Hatua ya 4. Endesha, kisha paka rangi ramani ya y+ mwilini mwa gari. Nyuma hewa huzunguka polepole, y+ itashuka tu, usihangaike. Kwenye wavu wangu wa y+ 1, ukingo wa juu wa kioo cha mbele ulisoma 4. Nikaugawa unene wa seli pale kwa 4, nikaendesha tena.