Kabla ya kuhamia Spring Boot 3, kagua logi zako kwanza

Programu ya Java ikikosa klasi muhimu huanguka papo hapo, na kila mtu anajua. Ikikosa njia ya kuandika logi, mara nyingi inaendelea kama kawaida: wateja wanalipa, oda zinaingia, na faili la logi limeishia kwenye mistari ya jana. Hasara yake unaiona siku mteja anapolalamika kwamba pesa zake zimekatwa, nawe huna pa kutazama. Kwa sababu hiyo, mimi huanza na logi kabla ya kugusa namba yoyote ya toleo kwenye pom.xml, faili la Maven linaloorodhesha maktaba za programu.

Kwanza uelewe kilichobadilika. SLF4J, maktaba ya kati ya logi za Java, yenyewe haiandiki kitu. Inapokea ujumbe kutoka kwenye programu na kumkabidhi mwandishi, ambaye anaweza kuwa Logback, Log4j 2 au mwingine. Spring Boot, mfumo wa kujengea programu za Java, katika toleo la 2.7 ilikuja na SLF4J 1.7 pamoja na Logback 1.2. Spring Boot 3.0, iliyotoka Novemba 2022, ilileta SLF4J 2.0 na Logback 1.4. Hapo katikati, namna ya kumtafuta mwandishi ilibadilika kabisa. Toleo la 1.7 lilitafuta klasi iitwayo org.slf4j.impl.StaticLoggerBinder, la 2.0 linatumia ServiceLoader, njia ya Java yenyewe ya kutafuta huduma, na klasi ile haliitambui tena. Mpokeaji mpya na mwandishi wa zamani hawaonani, hata kama jar zao zimekaa kwenye folda moja.

Kwa hiyo tafuta matoleo yaliyofungwa kwa mkono. Desemba 2021, udhaifu wa usalama wa Log4j 2 uitwao Log4Shell ulipotangazwa, watu waliharakisha kuandika log4j2.version au logback.version kwenye pom.xml, na mistari hiyo mara nyingi imebaki hadi leo. Ukihama huku logback.version ikiwa bado 1.2, SLF4J itakwambia "No SLF4J providers were found" na kuhamia kwa mwandishi bubu, NOP, anayepokea kila kitu na kukitupa. Spring Boot yenyewe ina huruma: itagoma kuwaka na kukueleza kwamba LoggerFactory iliyopo si ya Logback. Programu ya Java isiyotumia Spring Boot haina mlinzi huyo. Itawaka vizuri na kukaa kimya.

Na onyo hilo linatoka wapi? SLF4J huliandika kwenye stderr, mkondo wa makosa wa programu, si kwenye faili lako la logi. Fungua skripti inayowasha programu uangalie kama kuna 2>/dev/null mwishoni, amri inayotupa stderr. Ikiwepo, iondoe kabla ya kazi nyingine yoyote. Chini ya systemd soma journalctl; kwenye Tomcat soma catalina.out.

Kisha chapisha mti wa vitegemezi (maktaba zinazotegemewa) vya programu ilivyo sasa, uuhifadhi: mvn dependency:tree > kabla.txt. Kwa Gradle ni gradle dependencies. Baada ya kuhama utatoa mwingine na kulinganisha. Unachowinda ni waandishi waliopandia migongo ya maktaba nyingine. Mfano ninaoupenda ni ZooKeeper 3.4, ambayo ilibeba slf4j-log4j12 pamoja na Log4j 1 yenyewe. Ukiiomba tu ili kuzungumza na klasta, umeshapata mwandishi wa pili bila kujua. SLF4J 1.7 ikikuta wawili huwaorodhesha, huchagua mmoja na kumtaja, lakini uchaguzi huo unategemea JVM na mpangilio wa jar kwenye klaspathi, yaani njia ambako Java hutafuta klasi. Ndipo logi zinapotokea sawasawa kwenye laptopu yako na kupotea kwenye seva. SLF4J 2.0 itawapuuza waandishi wa enzi ya 1.7 kwa onyo tu, lakini wawili wa kizazi kipya bado watagongana, kwa mfano Logback na slf4j-simple iliyosahaulika kutoka kwenye majaribio. Baki na mmoja, wengine waondoe kwa exclusion, agizo la kukataa kitegemezi kwenye pom.xml.

Wanaotumia Log4j 2 wana kazi ya ziada. Daraja la zamani la kupeleka ujumbe wa SLF4J kwa Log4j 2, log4j-slf4j-impl, ni la SLF4J 1, kwa 2.0 unahitaji log4j-slf4j2-impl. Pia spring-boot-starter-logging lazima iondolewe kila inapoingilia, maana ndiyo inayoleta log4j-to-slf4j, daraja la upande wa pili. Madaraja hayo mawili yakikutana, ujumbe unatoka Log4j kwenda SLF4J na kurudishwa Log4j bila mwisho. Matoleo ya sasa hukataa mapema kwa kosa lililo wazi. Ya zamani yalikuachia StackOverflowError ndefu. Ukiwa hapo, hakikisha log4j-core haiko chini ya 2.17.1. Kuwa na log4j-api peke yake hakukuweki kwenye hatari ya Log4Shell, hata kama kifaa cha ukaguzi kinapiga kelele.

Jambo linalosahaulika kabisa ni tarehe. Spring Boot 3 ilibadilisha muundo wake wa msingi: badala ya 2023-03-14 09:12:44.318 utaona 2023-03-14T09:12:44.318+03:00, na kama kontena yako inakwenda kwa saa za UTC, mwisho utakuwa Z. Skripti ya grep au awk inayohesabu makosa ya kila saa itarudisha sifuri, na sifuri kwenye ripoti ya makosa humfurahisha meneja. Weka logging.pattern.dateformat mwenyewe, au rekebisha skripti kwanza.

Mwisho, andaa klasi ndogo ya majaribio inayotuma ujumbe mmoja kwa kila njia: SLF4J, java.util.logging, commons-logging na API ya Log4j, kila mmoja na neno lake la kipekee. Iendeshe kwenye toleo la sasa, tafuta maneno yote manne kwenye faili, kisha uirudie baada ya kuhama. Ule wa java.util.logging ukionekana kwenye terminali kwa mistari miwili miwili lakini haumo kwenye faili, daraja la jul-to-slf4j halijawashwa. Manne yakishatimia, ongeza bannedDependencies, kanuni ya kupiga marufuku maktaba, ya maven-enforcer-plugin ikitaja slf4j-log4j12, slf4j-simple na log4j:log4j, ili atakayeongeza maktaba mpya mwezi ujao azuiwe wakati wa kujenga, kabla jar haijafika kwenye seva.