Jinsi ya Kuitazama Nebula ya Kaa kwa Darubini Ndogo Ukiwa Uganda

Mnamo Julai 1054 wanafalaki wa China waliandika habari za nyota ngeni iliyojitokeza katika kundinyota la Ng'ombe, ikang'aa kiasi cha kuonekana hata mchana kwa siku 23. Ilikuwa nyota iliyolipuka, na mabaki yake yangali yanatoa nuru, umbali wa takriban miaka ya nuru 6,500 kutoka kwetu. Mabaki hayo, wingu la gesi angani, huitwa Nebula ya Kaa, na ndiyo ya kwanza katika orodha ya Mfaransa Charles Messier, ndiyo maana ramani za anga huiandika M1. Darubini yenye kioo cha kipenyo cha milimita 100 hadi 200 inatosha kuiona, mradi mtazamaji asitarajie rangi za picha za magazetini.

Hatua ya kwanza ni kuchagua usiku na mahali. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho msimu wake: mwishoni mwa Januari nebula hufika juu kabisa mnamo saa nne usiku. Chagua usiku usio na mbalamwezi, na ukwepe upande ambako nyasi zinachomwa, kwa kuwa moshi mwembamba usioonekana kwa macho huifuta kabisa nebula hafifu kama hii. Kutoka Kampala utahangaika bure. Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, kuna giza zuri. Kabla ya kusimamisha bomba refu lililoelekezwa juu katika kijiji cha watu, mwone kwanza mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na umweleze shughuli yako, maana gizani bomba hilo laweza kudhaniwa kuwa silaha.

Pili, fikiria kuhusu kitako cha darubini. Vile vya kiikweta, vinavyogeuka kuzifuata nyota Dunia inapozunguka na vinavyosifiwa sana katika miongozo ya Ulaya, hutegemea Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu hukaa karibu na upeo wa macho na kufichwa na miti, vilima au ukungu. Kwa kutazama tu, napendekeza kitako cha kawaida kinachogeuka kushoto na kulia, juu na chini.

Sasa itafute, ukitumia lenzi inayokuza kidogo kabisa. Mkanda wa Jabari (Orion), nyota tatu zilizojipanga mstari, hupita karibu utosini mwetu. Simama ukielekea kaskazini na utaona kishada cha nyota cha Kilimia, kisha Dabarani, nyota yenye wekundu iliyo kwenye uso wa Ng'ombe wenye umbo la V. Fuata mikono ya V hiyo hadi kwenye ncha za pembe mbili. Ncha iliyo karibu zaidi na utosi, ambayo ndiyo hafifu kati ya hizo mbili, ni Zeta ya Ng'ombe. Iweke katikati ya lenzi. Nebula iko umbali wa digrii moja hivi kutoka hapo, chini kidogo na kushoto kwa anayetazama kwa macho matupu nyota hizo zikiwa juu kabisa. Lakini darubini ya vioo hupindua taswira, kwa hiyo ndani ya lenzi itakuwa juu na kulia. Wengi hupotea hapa, wakaanza kuilaumu darubini.

Macho yakae gizani kwa dakika 20 au 30 kabla ya yote haya, na tochi ifunikwe kwa nailoni nyekundu; skrini ya simu ni adui. Usiikodolee macho nebula yenyewe, bali tazama pembeni yake kidogo, kwa sababu sehemu ya jicho inayohisi nuru hafifu haiko katikati. Ukiwa na shaka, gonga bomba taratibu kwa kidole: jicho hutambua upesi kitu hafifu kinachotikisika. Utakachokiona ni doa jeupe lenye umbo la yai, mfano wa pumzi iliyoganda kwenye kioo cha dirisha, lenye urefu wa takriban sehemu ya tano ya upana wa mwezi mpevu. Likishapatikana, panda hadi ukuzaji wa mara 80 au 100, kisha lichore kwa penseli. Mkono huliongoza jicho.

Nuru unayoiona haitokani na joto la mlipuko. Katikati ya mabaki kuna nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichogandamizwa mno cha nyota iliyolipuka, iliyotambuliwa mwaka 1968, ambayo ina upana wa kilomita zipatazo 20 tu na hujizungusha mara 30 hivi kila sekunde. Hiyo ndiyo inayosukuma elektroni hadi karibu na mwendo wa nuru, nazo zikijipinda katika uga wa sumaku hutoa mng'ao huo mweupe. Nyuzi nyekundu na kijani za pichani ni gesi ya nyota yenyewe, ambayo bado inatanuka kwa kilomita 1,500 hivi kwa sekunde.

Kwa sababu hiyo, usinunue chujio cha oksijeni, kioo kinachopitisha tu nuru ya gesi hiyo, kwa ajili ya M1 pekee ikiwa kioo chako ni kidogo: chujio hupitisha nuru ya nyuzi na kuzima mng'ao ambao ndio ulioufuata. Kingefaa zaidi kwa Nebula ya Shela, mabaki makongwe ya mlipuko mwingine yaliyo katika kundinyota la Dajaja (Cygnus). Hayo hupita juu upande wa kaskazini katika jioni za Septemba, iwapo mvua za msimu huo zitakupa nafasi.