Modemu ya USB kwenye Linux: ongea nayo kwanza, afu ndo upige

Wakuu, kama una ile modemu ya zamani ya USB, Huawei E173 au ndugu zake, imelala kwenye droo pamoja na chaja za Nokia, usiigawe kwanza. Juzi nimeifufua ya kwetu kwenye Dell moja kuukuu yenye Debian (aina mojawapo ya Linux), dada yangu anaitumia kwenye steshenari yake, sehemu yenyewe mnara upo ila faiba ni hadithi tu, na hotspoti ya simu ilikuwa inamsumbua maana akitoka na simu kwenda kununua maandazi neti inatoka naye, mteja anabaki anaangalia ukurasa unazunguka. Fundi mmoja alishamwambia modemu imekufa. Haikufa, hakuna aliyeisemesha tu.

Watu wanasahau kitu kimoja, hivi vidude mpaka leo ni intaneti ya kupiga simu. Ndani ni simu isiyo na kioo wala batani, na kompyuta inaiendesha kwa lugha ileile ya modemu za simu ya mezani, zile zilizokuwa zinapiga makelele kama redio inayotafuta stesheni. Lugha yenyewe inaitwa AT, imetoka kwenye modemu ya Hayes Smartmodem ya mwaka 1981 iliyokuwa inakimbia biti 300 kwa sekunde, na leo hii modemu ya 3G ukiiandikia AT inakujibu OK kwa adabu zote. Ndo maana mi sianzi na programu yoyote, naanza kwa kuongea na modemu yenyewe, maana ukirukia programu ikagoma hujui nani kagoma, ni laini, ni mnara, ni bando au ni Linux.

Kabla ya yote jaribu njia ya mkato. Kama kompyuta yako ina Ubuntu au Mint ya kawaida, chomeka modemu, subiri kama dakika moja hivi, afu fungua terminal (dirisha la kuandikia komandi) uandike:

nmcli con add type gsm ifname '*' con-name modemu apn internet
nmcli con up modemu

Ikikubali, hongera, funga hii kitu uendelee na maisha. Ikigoma, au mashine yako ni nyepesi kama ya dada haina hayo makorokoro, twende pamoja.

Utahitaji pakeji nne: usb-modeswitch ya kuiamsha modemu, ppp na wvdial za kupiga, na picocom ya kuongea nayo. Najua utauliza napakuaje wakati neti yenyewe ndo natafuta. Chomeka simu yako ya Android kwa waya, washa kushea intaneti kwa USB, Linux itaiona kama kadi ya mtandao bila draiva yoyote, kisha:

sudo apt install usb-modeswitch ppp wvdial picocom

wvdial kama haipo kwenye distro yako (aina yako ya Linux) usihangaike, rudia hiyo komandi bila wvdial, mbele nimeweka njia ya pppd peke yake, inakuja ndani ya ppp.

Haya, chomoa simu, chomeka modemu, andika lsusb. Tafuta mstari wenye 12d1, hiyo ndo namba ya Huawei. Hapa ndo wengi wanapozikwa. Ukiona 12d1:1446 modemu bado inajifanya CD, yaani imekuja na draiva za Windows tumboni na inapoamka inajitambulisha kama CD ili Windows iinstoli, kwenye Linux inakaa hivyohivyo mpaka kesho kama hakuna wa kuishtua. Kazi ya kuishtua ni ya usb_modeswitch, na kawaida inafanya yenyewe, ikisinzia unaisukuma kwa mkono:

sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1446 -J

Rudia lsusb, kwa E173 unatakiwa uone namba ya pili imebadilika, kwa mfano 12d1:1436. Halafu andika sudo dmesg | tail na utafute maneno yanayosema GSM modem imeunganishwa na ttyUSB0, ttyUSB1, na kuendelea. Ukiona hizo ttyUSB, kazi ngumu imeisha kwa nusu.

Kama kwenye dmesg unaona USB disconnect kila baada ya muda, usiguse mafaili. Ni umeme huo. Modemu inapotafuta mnara wa mbali inakula umeme mwingi, na tundu la USB la laptopu iliyochoka au ile ekstensheni ndefu ya buku mbili haiwezi. Badili tundu kwanza. Kwa dada tatizo la kwanza lilikuwa hili hili, alikuwa ameiweka dirishani kwa waya wa mita tatu ili mtandao usome, mtandao ulisoma kweli ila modemu ilikuwa inazimika.

Na kama modemu yako haileti ttyUSB yoyote ila imeleta kadi mpya ya mtandao, ukifungua 192.168.8.1 kwenye brauza unaona ukurasa wa modemu, basi yako ni aina ya HiLink. Hiyo inajipigia yenyewe, haihitaji mwongozo huu, weka APN (jina la lango la data la mtandao wako) kwenye huo ukurasa basi.

Sasa maongezi. Kuna huduma inaitwa ModemManager, inapenda kushika poti na kuingilia mazungumzo, unatuma komandi wewe majibu anapokea yeye. Itoe njiani kwanza:

sudo systemctl stop ModemManager
sudo picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0

Andika AT ubonyeze enta. Ikijibu OK, mnaelewana. Ikikaa kimya, toka kwa Ctrl+A kisha Ctrl+X, ujaribu ttyUSB1 au ttyUSB2, maana modemu moja inaleta poti kadhaa na sio zote zinapokea simu. Herufi zako usipoziona unapoandika andika ATE1 hata kama ni gizani. Kisha muulize haya, moja moja, usikurupuke:

AT+CPIN?

Ikisema READY laini iko sawa. Ikisema SIM PIN, laini imefungwa, ifungue kwa AT+CPIN="1234" ukiweka pini yako wewe, na ukikosea mara tatu inadai PUK kama simu yoyote. Ikitema erori, chomoa laini uifute. Hasa zile laini zilizokatwa na mkasi kuwa ndogo halafu zikarudishiwa ukubwa kwa fremu ya plastiki, hazikai vizuri kabisa.

AT+CSQ

Hii ni nguvu ya mtandao, namba ya kwanza inaanzia 0 mpaka 31, na 99 maana yake haijui chochote. Chini ya 10 utateseka, 15 kwenda juu unakula maisha. Ukitaka dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, zidisha kwa 2 utoe 113, kwa hiyo 14 ni -85. Mi hii naipenda kuliko vile vijiti vya kwenye simu vinavyodanganya, unazunguka chumbani na laptopu mkononi unaiuliza kila kona, kwa dada juu ya kabati la madaftari tulipata 19 na mezani kwake 8.

AT+CREG?

Jibu likiishia 0,1 umesajiliwa nyumbani, 0,5 uko romingi, 0,2 bado inatafuta, 0,3 umekataliwa, na hapo kama laini haijasajiliwa kwa alama za vidole usimlaumu Linux. Taa nayo inasema kitu, kwenye hizi Huawei ikipepesa kijani umeshika 2G, bluu umeshika 3G. Kama inang'ang'ania 2G na unajua 3G ipo, ilazimishe:

AT^SYSCFG=14,2,3FFFFFFF,1,2

Ukitaka kuirudisha ijichagulie yenyewe, badala ya 14 weka 2.

Hayo yote yakikubali ndo sasa tunapiga. Toka kwenye picocom, maana poti haishikwi na wawili, fungua faili kwa sudo nano /etc/wvdial.conf, futa kilichomo, weka hivi:

[Dialer Defaults]
Modem = /dev/ttyUSB0
Baud = 460800
Init1 = ATZ
Init2 = AT+CGDCONT=1,"IP","internet"
Phone = *99#
Username = saf
Password = data
Stupid Mode = 1

APN hapo nimeweka internet, ndo ya Vodacom na Airtel huku Tanzania, wa Kenya kwenye Safaricom andika safaricom. Jina na paswedi hapo nimeandika za Safaricom, huku kwetu mtandao hauangalii, ila wvdial ukiacha wazi inagoma kwa hiyo andika chochote. Hiyo *99# ndo namba ya simu tunayopiga, unampigia mnara unamwambia nipe data. Na Stupid Mode sio tusi, inamaanisha usisubiri mtu akuulize jina, ukishapokelewa anza PPP (lugha ya kupitisha intaneti kwenye simu) moja kwa moja, na mitandao ya simu ndo inavyotaka.

sudo wvdial

Tulia uangalie. Ukiona CONNECT, kisha local IP address na zile DNS (mashine zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa namba), umeingia, liache hilo dirisha wazi maana ukilifunga na neti inakata. Ukiona NO CARRIER mara ya kwanza rudia, mara ya tatu ni APN umekosea au bando limeisha, toa laini uweke kwenye simu uhakikishe salio kabla hujaanza kuvunja mafaili.

Sasa kuna hali mbili zinachanganya sana kwa sababu kila kitu kinaonekana kimekubali halafu hakuna kinachofunguka. Ya kwanza ni njia: kama wifi au waya bado umeunganishwa, pppd itaandika not replacing existing default route, yaani imeikuta njia nyingine imekaa pale ikaiheshimu, zima wifi upige tena. Ya pili ni majina. Jaribu ping 8.8.8.8, ikirudi halafu ping ya jina la tovuti isirudi, DNS ndo haipo:

echo "nameserver 8.8.8.8" | sudo tee /etc/resolv.conf

Distro nyingi zitalifuta hilo ukiristati, utarudia.

Wasio na wvdial, tengeneza /etc/ppp/peers/modemu yenye hii:

/dev/ttyUSB0
460800
noauth
defaultroute
usepeerdns
noipdefault
nodetach
connect "/usr/sbin/chat -v -f /etc/chatscripts/modemu"

na /etc/chatscripts/modemu yenye hii:

ABORT "NO CARRIER"
ABORT ERROR
TIMEOUT 30
"" ATZ
OK 'AT+CGDCONT=1,"IP","internet"'
OK ATD*99#
CONNECT ""

Halafu sudo pppd call modemu. Hiyo skripti, ukiacha mistari ya ABORT na TIMEOUT, isome kama maongezi, kushoto ni unachosubiri kusikia, kulia ni unachojibu, na ile ya kwanza tupu ni wewe kuanza kuongea bila kusubiri. Kiukweli mi naipenda zaidi hii kuliko wvdial, sema kwa anayeanza alama moja ya nukuu ikipotea unakesha.

Na mwenye ile modemu yenyewe ya laini ya mezani, sanduku la nje lenye taa na waya wa siriali, mambo ni yaleyale: poti inakuwa /dev/ttyS0, Phone unaweka namba halisi ya kampuni ya intaneti na jina na paswedi zao, Stupid Mode na mstari wa Init2 unaviondoa, Baud unaishusha iwe 115200, na kama inalalamika NO DIALTONE wakati ukinyanyua simu mlio upo, ongeza ATX3 kwenye Init ili isisubiri mlio. Usitegemee zaidi ya 56k. Ila kama ni kadi ya ndani ya laptopu za zamani angalia kwanza, nyingi ni zile zinazoitwa winmodem, nusu ya kazi yake alitakiwa afanye prosesa kupitia draiva ya Windows, na draiva ya Linux kwa nyingi haikuwahi kupatikana. Hizo ziache, wenzako walishahangaika nazo tangu miaka ya tisini.

Ukichoshwa na kuandika sudo kila mara kwenye picocom, jiweke kwenye kundi la wenye ruhusa ya poti, kisha toka na uingie upya:

sudo usermod -aG dialout $USER

La mwisho ni bando. Ubuntu na Debian zikiona neti zinaanza kushusha masasisho kimyakimya, na kwa bando la siku la buku unaweza ukashangaa meseji ya umemaliza inakuja hujafungua hata barua pepe. Kwa dada nimezima:

sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer

Masasisho nafanya mimi nikienda na hotspoti yangu. Yeye akimaliza kazi anabonyeza Ctrl+C kwenye lile dirisha, inamwandikia Connect time na dakika alizokaa, na sasa hivi hizo dakika anazinakili kwenye daftari na kuwatoza wateja.